Sauti Namba Moja

Februari 18

Shikamoo baba,

Natumaini umzima na kidonda cha shingo kimekauka kama daktari alivyoahidi. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, kikohozi kimeniacha. Bibi msalimie kwa sauti yako ya kwenye kompyuta, namba 340: "Mjukuu wako anakusalimu."

Ndani ya bahasha kuna fleshi yenye toleo jipya la programu yako ya kusemea. Ulilalamika kwamba lile la zamani linakawia kati ya neno na neno, na unasikika kama mtu anayeita namba za foleni hospitalini. Nimepunguza huo ukimya. Rekodi ni zilezile mia sita na kumi na mbili tulizochukua wiki mbili kabla ya upasuaji uliokuondolea sauti. Sijagusa hata moja.

Jambo moja la kiufundi, maana najua utauliza. Programu nikishaiandika, naipitisha kwenye programu nyingine, tuiite kifungashio, ambayo inaifunga pamoja na kila inachohitaji ili ifunguke kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Mwezi huu nimekipandisha kifungashio hicho toleo, kwa sababu ofisini wote tumehamia huko. Kwako hutaona tofauti.

Kwanza futa folda ya zamani yote, usije ukachanganya mbili. Kisha nakili hii ya kwenye fleshi na ubofye alama ya mdomo mara mbili.

Nimeijaribu hapa mara ishirini. Haina tatizo.

Mwanao


Februari 27

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kidonda kimekauka, naoga bila msaada, ila maji hayatakiwi kuingia kwenye tundu la shingoni. Bibi yako anakula nusu sahani. Macho ni yaleyale, giza mwaka wa sita huu. Kusahau kumeongezeka. Juzi alitafuta viatu vya shule vya shangazi yako.

Fleshi imefika Jumanne. Nimefuata utaratibu kama ulivyoandika. Nimefuta folda ya zamani na nikamwaga pipa la taka, kwa sababu, kama nilivyozoea kazini, stoo haipokei mzigo mpya kabla wa zamani haujatoka kitabuni. Nimenakili mpya. Nimebofya alama ya mdomo. Dirisha limefunguka, herufi zinaandikika. Nikibonyeza SEMA hakuna kinachosikika. Nimepandisha spika hadi mwisho. Nimecheza wimbo uliokuja na kompyuta, unasikika vizuri. Kwa hiyo spika ni nzima na programu ni bubu. Sasa tuko wawili.

Najua ulimpigia Futi na akakuambia "inafanya kazi kidogo". Usimsikilize. Tangu akodi chumba cha mbele na cherehani yake, kila kitu kwa Futi ni "kidogo" au "karibu", ndiyo maana nusu ya nguo zake hurudishwa. Haifanyi kazi kidogo. Haifanyi kazi. Mambo ya programu tuandikiane.

Kuhusu bibi yako. Kila asubuhi kabla sijamshika mkono nilikuwa nabonyeza namba moja, "Mama, ni mimi," asije akashtuka. Siku hizi tatu sina cha kubonyeza. Nikimshika anauliza, "Nani?" Nikigonga kitanda anauliza, "Nani anagonga?" Jana alimuuliza Futi mimi nimesafiri lini. Karatasi hawezi kuisoma, na mimi sina kingine zaidi ya karatasi. Nimemwomba Futi akae pembeni asome ninachoandika. Ni mpango wa muda.

Lete toleo linalosema.

Baba yako


Machi 6

Shikamoo baba,

Nimepata barua yako. Nimefurahi kwamba unaoga mwenyewe. Mimi mzima.

Nimeifungua programu hapa tena, ileile niliyokutumia. Inasema. Nimebonyeza namba moja mara tano na nimekusikia mara tano. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kompyuta yako au kwenye jinsi ilivyonakiliwa, lakini sitaki kukisia.

Ningekutumia toleo la zamani leo hii. Sinalo. Nilipofunga jipya nililifunga juu ya la zamani. Nimejaribu kurudi kwenye kifungashio cha zamani, kinakataa, kwa sababu nilishapandisha na lugha yenyewe ninayoiandikia programu. Nikishusha kimoja, kingine kinalalamika. Nimeacha.

Fleshi hii ina toleo la uchunguzi. Ukilifungua, pamoja na dirisha la kawaida litatokea dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Hilo ndilo linalotoa siri za programu. Bonyeza SEMA, kisha nakili mstari wa mwisho kwenye dirisha jeusi, herufi kwa herufi, hata kama hauna maana kwako. Niandikie pia folda ina nini ndani yake.

Je, Bibi anakubali Futi amsomee?

Mwanao


Machi 14

Mwanangu,

Marahaba. Huku hakuna mgonjwa mpya. Natumaini na wewe unakula, maana barua yako ilikuwa na harufu ya kahawa tu.

Ripoti. Nimefungua toleo la uchunguzi saa nne asubuhi. Dirisha jeusi limetokea. Nimebonyeza SEMA. Mstari wa mwisho ni huu: Faili haikupatikana, Kusema\sauti\0001. Nimebonyeza mara tatu, mstari ni uleule.

Yaliyomo. Folda ya Kusema ina vitu viwili. Cha kwanza ni alama ya mdomo. Cha pili ni folda yenye jina la kigeni, nitaiita folda ya ndani. Humo mna faili nyingi za majina nisiyoyajua, na mna folda inayoitwa sauti. Kwenye hiyo sauti mna faili 0001 mpaka 0612. Hesabu imetimia. Nimejaribu kuifungua moja kwa kubofya, kompyuta ikaniuliza niifungue kwa kutumia nini. Nikaiacha.

Faili hizo hazikuwa na lebo, namba tupu. Ninalo daftari tuliloandika wakati wa kurekodi, kwa hiyo nimeziwekea lebo: 0001 Mama ni mimi, 0002 Nakuja, 0003 Ngoja kidogo, na kuendelea. Imenichukua siku mbili. Sasa anayeingia humo anajua kilichopo.

Unauliza kuhusu bibi yako. Anamkubali Futi kupita kiasi. Juzi nimeandika, "Kunywa dawa." Futi akasoma, "Mama yangu kipenzi, kunywa dawa upate nguvu za kunichapa." Bibi yako akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Leo umeamka na maneno, mwanangu." Nikamwonyesha Futi karatasi, nikapigia mstari maneno mawili yaliyoandikwa. Akanijibu pale mlangoni, "Mzee, maandishi yako makavu kama stakabadhi. Mgonjwa hali stakabadhi."

Mimi sijawahi kumwita mtu kipenzi.

Nasubiri.

Baba yako


Machi 19

Shikamoo baba,

Habari za nyumbani. Huku salama.

Nimeona tatizo. Baba, hizo namba ndizo majina. Programu inatafuta faili inayoitwa 0001. Wewe umeibadilisha ikawa "0001 Mama ni mimi". Haiwezi kuipata kwa jina jipya, ni sawa na kumwita mtu kwa jina aliloliacha jana. Dirisha jeusi limesema hivyohivyo: faili haikupatikana. Na usijaribu kuzifungua moja moja, zimebanwa kwa namna ambayo programu yetu pekee ndiyo inayoweza kuzisoma.

Ningeomba sana usipange, usisafishe, usiweke lebo. Hiyo si stoo. Kila kitu kimekaa pale kwa sababu, hata kama kinaonekana ovyo.

Rudisha majina yote kama yalivyokuwa, namba tupu, kisha bonyeza SEMA. Sitatuma fleshi nyingine, hii uliyonayo inatosha.

Mwanao


Machi 27

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Majina yote mia sita na kumi na mawili nimeyarudisha. Siku mbili tena. Nimebonyeza SEMA. Kimya. Mstari ni uleule: Faili haikupatikana, Kusema\sauti\0001.

Ukisoma barua yangu ya Machi 14 utaona nilibonyeza SEMA kwanza, nikanakili mstari, ndipo nikaweka lebo. Nimeandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Na toleo la kwanza, lile la Februari, halikuwa na lebo yoyote na lilikuwa bubu vilevile.

Nimetunza stoo ya karakana miaka thelathini na mmoja. Sijapoteza nati.

Bibi yako haulizi tena nimesafiri lini. Futi akienda kupeleka nguo za watu ndipo anauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Akirudi anatulia. Jana nilimshika mkono bila Futi kuwepo, akauvuta, akauficha chini ya shuka. Nikasubiri kwenye kiti. Futi aliporudi nikaandika, akasoma, akautoa.

Usimpigie Futi kunielekeza. Andika.

Baba yako


Aprili 16

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na Bibi mko salama. Mimi nipo.

Nimekawia. Baada ya barua yako ya Machi 27 sikuigusa programu siku kumi na mbili. Sina sababu ya kukupa. Niliiweka barua juu ya friji, nikawa naiona kila nikichukua maji. Kisha nikaanza kutafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu: nikashuku ulinzi wa virusi, nikashuku kadi ya sauti ya kompyuta yako, nikabadilisha msimbo usiohusika.

Juzi mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Dokta kwa sababu haulizi hali yako, anauliza dalili zako, aliniona nimekodoa macho. Akasema, "Kifungashio kipya hicho?" Nikasema ndiyo. "Umesoma maelezo ya toleo?" Nikasema nimepitia. "Umepitia kama abiria au umesoma?" Akavuta kiti, akanionyesha mstari mmoja. Kifungashio cha zamani kilikuwa kinaweka vitu vyote pembeni ya programu. Kipya kinavikusanya kwenye folda ya ndani, na pembeni ya programu hakiachi kitu.

Programu yako niliiandika itafute rekodi pembeni yake. Ziko hatua moja ndani. Basi.

Dokta akauliza, "Sasa kwako inasemaje?" Nikamwonyesha. Akacheka vibaya. Mimi huwa naifungulia kwenye folda yangu ya kazi, na pale pembeni ipo folda ya sauti niliyoiweka mwenyewe wakati tunarekodi. Ilikuwa inaazima za pembeni. Mara zote ishirini. Sikuwa nimeijaribu hata mara moja.

Kisha nikaichukua barua yako ya Machi 14 nikaisoma mbele ya Dokta. Uliandika programu inatafuta wapi: Kusema\sauti. Uliandika rekodi ziko wapi: kwenye folda ya ndani. Mahali pawili, kwenye aya mbili zinazofuatana. Dokta akasema, "Nani kaandika hii? Mnaweza kumwajiri?" Mimi nilisoma lebo, sikusoma mahali. Ungeihamisha folda moja hatua moja nje, programu ingesema siku hiyohiyo. Kazi ya dakika moja, na ilikuwa mwezi uliopita.

Kuhusu lebo nilikosea. Nisamehe, baba. Na wewe ndiye uliyenifundisha kufuata kilichoandikwa, kisha nikakuandikia ufute la zamani.

Nilimpigia Futi ili nikuelekeze papo hapo. Akasema, "Mzee kakataa maelekezo ya simu. Kaniambia nikikata kitambaa kwa kusikia nitamshonea mteja suruali ya miguu mitatu. Andika tu." Ndiyo naandika.

Fleshi hii ina toleo lililorekebishwa. Programu sasa inauliza kwanza yenyewe ilipo, kisha inatafuta ndani. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya Dokta, ambayo haijawahi kukusikia. Ikasema namba moja. Watu watatu wakageuka.

Usifute chochote. Weka hii kwenye folda mpya, acha ile ilivyo.

Niandikie Bibi atakachosema kwanza.

Mwanao


Aprili 25

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshakusamehe, tusiendelee nalo. Mimi mzima. Bibi yako mzima, anakula sahani nzima sasa.

Ripoti. Fleshi imefika juzi. Nimeweka kwenye folda mpya, sikufuta. Nimefunga mlango wa chumba changu, nimepitisha namba zote 1 mpaka 612 nikiwa na daftari. Zote zinasema. Namba 77 ina kelele ya gari, lakini ilikuwa nayo tangu mwanzo. Ukimya kati ya maneno umepungua kama ulivyoandika. Kazi ni nzuri.

Jana saa tatu asubuhi nilibeba kompyuta hadi kitandani kwa bibi yako. Futi alikuwa dirishani anapinda pindo. Nikabonyeza namba moja. "Mama, ni mimi."

Umeomba nikuandikie alichosema kwanza. Alisema, "Mwanangu, kuna mgeni."

Hakusema akinielekea mimi. Alisema akielekea dirishani.

Nikabonyeza tena. Akasema, "Mwanangu, husikii? Mgeni kaingia, mkaribishe." Futi akanitazama. Sindano ilikuwa mdomoni, hakuitoa. Nikachukua karatasi nikaandika, "Karibu ukae." Nikampa. Akatikisa kichwa kwamba hasomi. Nikapigia mstari. Akatoa sindano akasoma kilichoandikwa, bila kuongeza kitu. Nikavuta kiti nikakaa.

Labda ni ule ukimya wa kati ya maneno. Kwa miezi mitatu alizoea nikikawia, sasa sikawii. Labda si huo. Wiki nane ni nyingi kwa mtu anayesahau. Usirudishe ukimya. Sitaki kibadilishwe kitu tena ili tuone kama itasaidia.

Bibi yako akaniuliza habari za kwetu. Nikabonyeza 15, "Nzuri." Akauliza nimetoka mbali? Nikatunga kwa kuunganisha maneno, "Hapana, karibu hapa." Akauliza kama nina mama. Nikabonyeza 9, "Ndiyo." Akasema nimtunze. Akaniambia yeye ana mwana mmoja wa kiume, zamani alikuwa mtu wa kazi, anarudi, anakula, analala, utadhani kakodi chumba. Siku hizi kabadilika, anaongea, anamchekesha, anamwita kipenzi. Akasema, "Mtu hubadilika, usikate tamaa na wako." Nikabonyeza 31, "Asante."

Tulizungumza dakika arobaini. Sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza dakika arobaini. Nilipoinuka akanyoosha mkono mwenyewe, nikaushika, hakuuvuta. Akasema, "Karibu tena kesho."

Futi alinifuata jikoni. Akasema, "Mzee, nitamwambia ukweli. Leo hii namwambia." Nikaandika, "Atakosa wawili." Akasoma mara mbili, akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni na chaki zake. Kuhusu kodi ya chumba, yeye hajui aniambie nini, mimi pia sijui nimwambie nini. Tumekubaliana aendelee kusoma asubuhi na jioni, na asiongeze maneno. Hatatimiza hilo la pili.

Leo nimekwenda tena saa tatu. Nimesimama mlangoni na kompyuta mikononi. Nikaona siwezi kuingia vilevile kama jana, kumvamia mgonjwa chumbani ghafla. Nikatafuta kwenye daftari kurasa zote. Kuna neno moja ambalo hatukulirekodi, na sikulaumu, hata mimi nilikuwa sijaliona pengo lake. Orodha tuliitunga ya mtu aliye nyumbani kwake. Hodi haimo.

Nimepitia rekodi. "Ho" ya "homa", namba 88, na "di" ya "kadi", namba 213. Nimezisikiliza kwa kufuatanisha. Zinalingana kwa kimo cha sauti. Kama kuna namna ya kuzikata na kuziunganisha, ifanye namba 613, na kwenye daftari nimeshaiachia mstari.

Si haraka. Kwa sasa nagonga mlango kwa kidole, na yeye anasema karibu.

Baba yako